Mgonjwa kwanza, na muuguzi je?



Kwenye mikutano yetu ya vijana huwa tunaulizana nani anataka kuwa nani. Ukitaja hospitali, mikono inanyanyuka: daktari, nesi, mfamasia, mmoja wawili wa maabara. Sijawahi kusikia kijana akisema, "Mimi nataka kuwa katibu wa afya." Wala, "Nataka kuwa yule anayepanga zamu na kuhesabu dawa stoo." Kazi hiyo tunaiona ni ya makaratasi na mihuri, na mwenye nayo tunamtafuta siku tuna malalamiko tu. Huruma tunaiona kwa wale wenye koti jeupe.

Mimi kazi hii imenikaa kichwani tangu mwaka jana, maana ndani yake kuna swali la maadili ambalo madarasa yangu ya falsafa hayakunimalizia. Msimamizi wa zahanati au hospitali ana watu wa aina mbili wanaomtegemea: wagonjwa na watumishi. Mahitaji yao yakigongana, amsikilize nani?

Jibu la haraka tunalo sote. Mgonjwa kwanza. Ni jibu zuri, na lina Injili nyuma yake. Ila naona tunalitumia vibaya, na nitaeleza kwa nini.

Chukua mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10. Tumehubiriwa juu ya kuhani, juu ya Mlawi, juu ya Msamaria mwenyewe na punda wake. Kuna mtu mmoja mle ndani tunampita kama walivyompita majeruhi: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alilala pale usiku mmoja, kesho yake akaendelea na safari. Aliyebaki na vidonda ni huyu mwingine. Yeye ndiye wa kubadilisha vitambaa, kutafuta uji, kuamka usiku mgonjwa akiita, na wakati huohuo wageni wengine wanagonga mlango wanataka vyumba. Mababa wa Kanisa walimwona: Origene alifikiri ni malaika anayelisimamia Kanisa, Mtakatifu Agostino akaona ni Mtume Paulo. Mimi, samahanini, siku hizi namwona mganga mfawidhi.

Sasa tazama jambo moja dogo. Msamaria alimlipa. Alitoa dinari mbili, na kwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu tunajua dinari moja ulikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Tena akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Yule mtu ambaye Yesu anatuwekea kuwa kipimo cha huruma hakumwambia mwenye nyumba, "Kumhudumia mgonjwa ni wito, Mungu atakulipa." Alifungua mkoba.

Niwapeleke Mbuchi. Kwa wasiopajua, ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ndani ya delta ya Rufiji. Mto ukikaribia Bahari ya Hindi unagawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo kuna mikoko, msitu mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko Afrika Mashariki. Kule ukimuuliza mtu boti inaondoka saa ngapi, anakujibu kwa maji. Yakijaa mnakwenda, yakipwa mnakaa. Siku za bamvua maji yanaingia mpaka ndani ya vijito, siku za maji mafu chombo kinaweza kugota kwenye tope na abiria wote mkatazamana. Watu wanalima mpunga, wanavua, na wanakumbuka vizuri mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti.

Wenyeji wengi ni Waislamu. Wakatoliki ni wachache, na wengi wao ni walimu na wauguzi waliopangiwa kazi kutoka bara. Ndiyo sababu nilifika kule katika mwaka wangu wa kichungaji: nilitumwa kuwatembelea hao wachache, kusali nao rozari, kujua wanaishije. Nilipokelewa vizuri mno. Bibi mmoja aliyesikia neno "frateri" kwa mara ya kwanza aliamua mimi ni "padri mwanafunzi", na sijapata maelezo bora zaidi ya hayo mpaka leo.

Katika zahanati moja ya huko, jina naliacha, wataalamu walikuwa wawili: tabibu, ambaye watu wote humwita daktari na ndiye mganga mfawidhi, na muuguzi mkunga. Pamoja nao mhudumu wa afya mmoja. Basi. Tabibu anatibu asubuhi, mchana anakuwa msimamizi: anajaza rejesta, anaandika oda ya dawa za Bohari ya Dawa, anakaa na kamati ya afya ya kijiji, anapanga matumizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, jambo jema, ila sasa tabibu lazima awe pia mhasibu. Na wagonjwa wake wengi kwa sera ya nchi hawalipi: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo. Hiyo nayo ni haki kabisa. Maana yake lakini ni kwamba kituo kinachohudumia watu wa namna hiyo zaidi ndicho kinachokusanya kidogo zaidi. Ni yuleyule mwenye nyumba ya wageni, dinari mbili mkononi, zilizobaki ni ahadi.

Yule muuguzi ni Mkatoliki mwenzetu, ndiye niliyekwenda kumsalimia. Mtoto wake wa miaka minne anaishi kwa dada yake Mbagala, Dar es Salaam. Nikiwa nimekaa kibarazani pa zahanati, simu ikaingia: mtoto amelazwa. Akaenda kwa mganga mfawidhi.

"Daktari, naomba siku nne."

Mganga hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema, "Niletee rejesta ya kliniki. Nani wako mwezi wa tisa?"

"Watatu. Mmoja ni uzazi wa kwanza."

Kisha akamtuma kijana kwa mwenye boti kuuliza maji yanajaa saa ngapi kesho.

Habari haijifichi kijijini. Jioni akaja mzee mmoja wa kamati ya afya, mtu mwenye heshima yake, na hoja yake ilikuwa nzito. Muuguzi ameletwa kwa ajili ya wagonjwa. Mtoto wake yuko hospitali kubwa, madaktari wamejaa, ana na shangazi... "Mama mdogo," mganga akamsahihisha. Haya, ana na mama mdogo. Wake zetu huku wana nani? Mgonjwa kwanza, daktari.

"Shikamoo mzee wangu," mganga akaanza upya, kama vile mzee ndiyo kwanza anafika. "Nikimzuia, mwili wake utabaki hapa, akili itakuwa Mbagala. Utakubali mtu wa namna hiyo amchome sindano mjukuu wako?"

Mzee akakuna kidevu. Hoja ilimwingia.

Mimi haikuniingia yote. Nimesoma falsafa miaka mitatu, ugonjwa wake ndio huo. Ukiitazama sababu ile, inasema tumtunze muuguzi ili afanye kazi vizuri. Ni sababu ya kweli, na utaikuta kwenye semina nyingi za uongozi. Lakini ni sababu anayoweza kuitoa mvuvi kuhusu nyavu zake: zishone ili zivue. Kant alitukataza kumfanya mtu chombo tu cha kufikia lengo, na kabla ya Kant sisi tulishafundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Tuseme kuna muuguzi mwenye moyo wa chuma, ambaye hata mtoto wake akilazwa mkono wake hautetemeki kabisa. Je, huyo tunaruhusiwa kumnyima ruhusa? Kama haki yake inategemea tu ubora wa sindano zake, jibu ni ndiyo. Nadhani wote tunahisi kwamba jibu hilo linanuka.

Nilimwambia mganga hayo usiku, tukila wali na samaki. Alicheka. "Frateri, mzee nilimpa sababu ambayo ingemsaidia kulala. Ya kwangu ni fupi. Yule ni mama wa mtoto."

Hapo nikamkumbuka Mtakatifu Kamilo wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa, hospitali na wauguzi. Wengi tunamjua kwa msalaba mwekundu kwenye kanzu ya watawa wake. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuanzisha shirika alikuwa msimamizi wa hospitali. Alizaliwa 1550, akawa askari na mcheza kamari, akapata kidonda cha mguu ambacho hakikupona, na kidonda hicho kikamfikisha hospitali ya Mtakatifu Yakobo, Roma, ya wagonjwa wasiotibika. Humo akapanda mpaka kuwa msimamizi wa nyumba, mwenye kuangalia watumishi na matumizi. Na alichokiona kilimuumiza: watumishi wa kulipwa waliowatelekeza wagonjwa. Akatamani watu wa kuwahudumia wagonjwa bure, kwa upendo tu.

Ngoja, utaniambia, basi Kamilo anakupinga! Hapa kuna mtakatifu, tena msimamizi, aliyesema mshahara si jibu, wito ndio jibu.

Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, na kwa wiki kadhaa lilinisumbua. Nililokuja kuliona ni hili. Kamilo alianza na usingizi wake mwenyewe. Alilala karibu na wagonjwa yeye, akawaosha yeye, na mguu wake ukiwa na usaha. Waliomfuata walichagua wenyewe, na wakawa na nyumba, chakula na ndugu wa kuwashika mkono. Hakuchukua watumishi waliokuwapo akawaambia kuanzia leo hamlipwi wala hamlali, ni wito. Sadaka ni kitu unachokitoa kwenye kilicho chako. Mfalme Daudi, alipotaka kununua uwanja wa kupuria ili ajenge madhabahu, alipewa bure na akakataa, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Msimamizi anayetoa sadaka ya usingizi wa muuguzi wake anafanya kinyume kabisa cha Daudi.

Na kuna la pili. Kamilo alipotaka kueleza upendo anaoutaka kwa watu wake, aliwaelekeza kwa mama anayemuuguza mwanawe wa pekee. Hicho ndicho kipimo chake. Sasa tutaijengaje huduma kwa kipimo hicho, halafu mama halisi, mwenye mtoto halisi kitandani Mbagala, tumwambie hapana, wewe baki ukawapende wengine kama mama?

Hapa kwetu neno "wito" tunalipenda, na mimi ninayevaa kanzu nina sababu ya kulipenda kuliko wengi. Ndiyo maana linaniuma likitumika kama kiboko. Muuguzi akidai posho ya zamu: kazi hii ni wito. Mwalimu akidai nyumba: wito. Katekista wa kigangoni, anayetembea kwa miguu miaka ishirini, hata baiskeli hana: wito, baba, wito. (Hili la makatekista ni letu sisi, tusiisingizie serikali.) Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei, ulionya tusitoe kama zawadi ya upendo kile ambacho tayari mtu anatudai kwa haki. Papa Benedikto XVI aliirudia fikra hiyo mwaka 2009 katika waraka wa Caritas in Veritate: siwezi kumpa mtu kilicho changu kama sijampa kwanza kilicho chake. Mtakatifu Thoma wa Akwino angesema haki ni utashi wa kudumu wa kumpa kila mtu chake. Wa kudumu, si wa siku ya wauguzi tu.

Na mgonjwa je? Yule mzee wa kamati hakuwa mjinga. Mgonjwa hakuchagua kuugua, hana mkataba, hana chama. Akija mama anavuja damu saa nane usiku, hakuna mjadala wa zamu, aliyelala aamke. Hapo mgonjwa ni kwanza kwelikweli. Ila mwaka una usiku mwingi, na dharura ikiwa ya kila usiku, kuna mtu mahali fulani hakupanga. Tena mtumishi aliyenyimwa chake hana ruhusa ya kukidai kwa mgonjwa, kwa maneno makali au kwa "chai" ya chini ya meza. Deni la msimamizi halihamishiwi kwa mama mjamzito.

Paulo, akiorodhesha karama katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 12, baada ya miujiza na uponyaji anataja karama ambayo Biblia zetu huiita uongozi au maongozi. Kwa Kigiriki neno lile ni la chomboni. Ni kazi ya mshika usukani. Nilikuwa nimelisoma darasani likapita. Kwenye boti ya Mbuchi nilimtazama yule kijana wa nyuma: hawezi kumtazama abiria mmoja, hata kama ni mama yake mzazi. Anatazama maji ambayo bado hatujayafikia.

Ndivyo mganga alivyofanya na ile rejesta. Sisi sote pale kibarazani tulikuwa tunachagua kati ya mtoto wa muuguzi na wanawake wa kijiji. Yeye aliuliza nani na nani, na lini. Kesho yake, maji yalipojaa, boti iliondoka na muuguzi pamoja na wajawazito wawili kati ya wale watatu, waende wakakae kwa ndugu zao karibu na kituo cha afya mpaka wajifungue. Aliwafuata nyumbani mmoja mmoja usiku ule, na tochi, na kadi zao za kliniki mkononi.

Wa tatu, yule wa uzazi wa kwanza, hakwenda. Mume alikuwa kambi ya uvuvi, na mama mkwe akasema mpunga umekomaa, nani atafukuza ndege? Mganga alibembeleza, akashindwa. Na boti ikaondoka hivyohivyo.

Binti akashikwa na uchungu usiku wa tatu. Mganga alimzalisha mwenyewe, na mhudumu akashika taa. Mtoto akalia, kijiji kikasema alhamdulillahi, nami nikasema amina. Muuguzi alirudi siku ya tano badala ya ya nne, maji yalimchelewesha. Mtoto wake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali.

Mngeweza kuniambia, unaona, Mungu alibariki uamuzi. Sipendi kumaliza hivyo. Je, binti angevuja damu? Namba ya dharura ya m-mama, 115, ingepigwa, sawa, lakini usiku ule maji yalikuwa yamepwa, na boti haitembei juu ya tope. Uamuzi uleule, wa mtu yuleyule, kwa nia ileile, ungeitwa uzembe. Aristotle na Thoma wote wanafundisha kwamba busara hupimwa kwa namna mtu alivyoshauri, alivyohukumu na alivyotenda kwa yale aliyoweza kuyajua, na kwa kipimo hicho naona mganga alitenda vyema hata kama usiku ungeisha kwa kilio. Najua hoja hii ingekuwa baridi sana masikioni mwa yule mama mkwe.

Nilimuuliza mwenyewe. "Ingeharibika, ungesema nini?"

"Ningesema nilimruhusu mimi. Jina langu ndilo lipo kwenye kile kikaratasi cha ruhusa. Yeye asingeulizwa."

Nikamuuliza pia yeye mara ya mwisho alikwenda likizo lini. Akaangalia mlango wa stoo, akasema ameandika barua, nakala ipo kwenye faili, na wa kumshikia nafasi hajapatikana. Hilo ndilo limenibakia. Swali lake kwa muuguzi lina mtu anayepaswa kulijibu kwake yeye, na huyo naye yuko ofisini wilayani na orodha ya vituo vingi na majina machache. Baadhi yenu mnasoma usimamizi wa mifumo ya afya pale Mzumbe, wengine mtaajiriwa kwenye hospitali zetu za kanisa. Orodha hiyo itakuja mezani kwenu, na sehemu kama Mbuchi itakuwa mstari mmoja katikati yake.

Tarehe 14 Julai ni kumbukumbu ya Mtakatifu Kamilo. Tutawaombea wagonjwa, kama kawaida yetu. Mwaka huu naomba katika jumuiya zenu muongeze nia moja: kwa mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu nanyi, apate wa kumshikia nafasi. Na mkishasali, mmoja wenu aende akamuulize anahitaji nini.